Miezi 14 kudai fidia ya mkono wangu: uzoefu wangu na mfuko wa serikali

Naanza na nyota, maana najua wengi mnaishia hapo: 3 kati ya 5. Hela ilitoka, hilo siwezi kulikana. Nyota moja nimeikata kwa ucheleweshaji, nyingine kwa barua zao ambazo lazima uzisome mara tatu ndipo ujue kama umekubaliwa au umekataliwa.

Nilibanwa na mashine ya kukunja mabati, mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikatwa ncha, cha kati kikapona lakini hakikunji. Msimamizi wangu ndiye aliyenikimbiza hospitali, na kwa kuwa nilikuwa natetemeka, ndiye aliyejibu maswali ya mapokezi. Kwenye kadi pakaandikwa: "Amekatwa na bati." Basi. Hakuna neno "kazini", hakuna mashine, hakuna saa. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, alitaka nitibiwe haraka. Lakini bati hata la paa la nyumbani linakata, na ndivyo alivyosoma ofisa aliyeshika faili langu. Ombi la kwanza likarudi: hakuna uthibitisho kwamba jeraha limetokana na kazi.

Wengi wanadhani lazima uthibitishe uzembe wa mwajiri. Sivyo. Bima za aina hii, tangu Ujerumani ilipopitisha sheria yake mwaka 1884, zimesimama juu ya namna fulani ya kuachiana: mfanyakazi analipwa bila kuulizwa nani alikosea, na kwa upande wake, mara nyingi hawezi tena kumburuta mwajiri mahakamani. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba umeumia, na kwamba umeumia ukiwa kazini. Mkono nilikuwa nao, yeyote angeuona. Hilo la pili ndilo lililonikwamisha kwa sababu ya sentensi moja ya maneno matatu.

Nikakata rufaa. Nilipeleka nakala ya daftari la mahudhurio ya siku ile, maelezo ya maandishi ya mwenzangu aliyezima mashine, na taarifa ya ajali ambayo mwajiri aliijaza baada ya kukumbushwa sijui mara ngapi. Barua ya kukataliwa ilikuwa imelala siku 9 kwenye meza ya mtu kabla haijanifikia, na siku za rufaa kwetu zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua. Niliwahi kwa siku mbili. Tangu hapo kila karatasi niliyopeleka niligongewa muhuri kwenye nakala yangu, hata karani akinikunjia uso.

Rufaa ikapita, nikadhani nimevuka. Kumbe kwenye faili kulikuwa na kitu kingine, na hiki nilikitia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kila nilipokwenda kliniki, daktari alinisalimia: "Habari za tangu juzi? Unaendeleaje?" Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa, nikajibu: "Nzuri daktari, namshukuru Mungu." Nani anajibu salamu kwa kulia? Siku nilipopata nakala ya faili nikakuta ziara sita mfululizo: "Mgonjwa anasema anaendelea vizuri." Ile salamu imekuwa ushahidi! Usiku nilikuwa nalala mkono ukiwa juu ya mto kwa maumivu, kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu, lakini karatasi inasema naendelea vizuri. Ziara iliyofuata nilisalimia kama kawaida, kisha nikaongeza: "Hiyo ni salamu, daktari. Hali ya mkono naomba nikueleze sasa, uandike." Alicheka, akaandika. Nikamtajia mambo, si machungu: siwezi kugeuza ufunguo, kikombe chenye chai kinaniponyoka, kalamu naishika dakika tano tu.

Tathmini ya ulemavu wa kudumu inasubiri hali itulie, yaani daktari aseme matibabu hayataongeza kitu kikubwa tena. Chumbani walinipima kwa goniomita, kama ile rula ya pembe ya shuleni ila ina mikono miwili, wakiilaza kwenye kila kiungo cha kidole na kusoma nyuzi. Halafu nikapewa kifaa cha kubana kwa kiganja, mara 3 kila mkono. Nilitaka kujikaza, aibu ya kuonekana dhaifu mbele ya watu. Aliyekuwa akinipima akaniambia, "Kaka, bana kadiri unavyoweza, usizidishe wala usipunguze," kwa sababu namba zikipishana sana wanashuku unaigiza. Nikabana. Mkono wa kulia haukufikisha hata nusu ya wa kushoto.

Kisha jedwali. Kila kiungo kina asilimia yake, na kwa jedwali kidole ni kidole, cha fundi na cha mhubiri sawasawa. Hapa nilibishana na nikashindwa. Kuna mifumo inayotazama pia kazi yako na umri wako, huu wa kwetu hautazami.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni lile pengo. Malipo ya muda yanakatika siku daktari anaposema hali imetulia, na ya kudumu yanaanza faili likishapita kwa watu wote wa kusaini. Kwangu ilikuwa miezi 3 bila senti. Katika hasira zangu nilichapisha Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964, unaozitaka nchi zilizouridhia zilipe angalau asilimia 60 ya kipato kwa aliyeumia kazini mwenye mke na watoto wawili akiwa hawezi kufanya kazi. Nikaenda nao dirishani. Karani akausoma wote, kwa heshima kabisa, akanirudishia. "Kaka, hii ni nzuri. Ila faili lako lipo ghorofa ya pili linasubiri saini." Nikapanda ghorofa ya pili. Saini ilipatikana wiki hiyo.

Malimbikizo ya miezi ile 3 yaliingia pamoja na malipo ya kwanza, pungufu ya mwezi mmoja. Nimeshaandika barua, nakala yangu ina muhuri. Wakilipa nitarudi kuongeza nyota.