Gemu za Mawimbi ya Ubongo: Kifaa Kipi Kinamfaa Mnunuzi wa Kigoma

Anayetaka kununua gemu inayoendeshwa kwa mawimbi ya ubongo aanze kwa kuangalia nywele za watakaoicheza, kisha ndipo aulize bei. Vifaa hivi hunasa kupitia ngozi umeme hafifu wa ubongo, ambao Mjerumani Hans Berger aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na ambao kwa kawaida hauzidi sehemu moja ya elfu kumi ya volti, hivyo kitambuzi kinachokaa juu ya rasta au mabutu huambulia kelele tupu, yaani ishara zisizo na maana. Jambo la pili ni matunzo, kwa kuwa kifaa kilichoagizwa kupitia Dar es Salaam kikigoma kuwaka hulazimika kurudi safari ya zaidi ya kilometa 1,200 za reli.

Kwa vigezo hivyo naweka mbele MindWave Mobile 2, kifaa cha kuvaa kichwani cha kampuni ya NeuroSky. Ina kitambuzi kimoja kikavu kinachogusa paji la uso na kibanio kinachoshika ndewe ya sikio la kushoto, kwa hiyo msuko wa aina yoyote hauizuii, na hutumia betri moja ya AAA, ambayo haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Huunganishwa na simu kwa Bluetooth, kisha hutoa alama mbili za 0 hadi 100, moja ya umakini na nyingine ya utulivu, na gemu nyingi zake hutegemea alama hizo tu: ukizama katika jambo moja kitu kinapaa au kinasukumwa, ukitawanya mawazo kinaanguka. Anayedhani atawaza neno "kushoto" na gari likageuka abaki na fedha zake. Mlalamishi naye, kabla ya kusema ameuziwa kifaa kibovu, afute mafuta ya mgando kwenye paji la uso, avue herini ya sikio la kushoto na aache kutafuna, maana misuli ya taya na kupepesa macho hutoa umeme mwingi unaoufunika ule wa ubongo.

Nafasi ya pili naipa Mindflex ya Mattel, iliyotoka mwaka 2009, ingawa siku hizi hupatikana zaidi ikiwa imetumika. Haihitaji simu wala intaneti: feni hurusha mpira mdogo wa sponji, umakini wa mchezaji huongeza nguvu ya upepo, na mkono huzungusha kitufe ili mpira upite kwenye vizuizi. Kwa nyumba yenye watoto wengi ningeinunua hii bila kusita, mradi muuzaji aonyeshe kwa video kwamba vibanio vya masikio yote mawili ni vizima.

Muse 2 ya kampuni ya Kanada, InteraXon, ina vitambuzi bora zaidi, viwili kwenye paji la uso na viwili nyuma ya masikio, lakini kazi yake hasa ni kutuliza akili, ambapo mchezaji husikia dhoruba akihangaika na ndege wakilia akitulia. Naishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu sehemu ya huduma zake hulipiwa kila kipindi, mbali na bei ya kifaa.

Ya mwisho kwa matumizi ya nyumbani ni EPOC X ya Emotiv. Vitambuzi vyake 14 huloweshwa maji ya chumvi na lazima vifike kwenye ngozi katikati ya nywele, kazi inayomchosha mwenye nywele nene hata kabla gemu haijafunguka.

Mwanafunzi wa ufundi anayetaka kutengeneza gemu yake mwenyewe atafute Cyton ya OpenBCI, bodi ya kielektroniki yenye njia 8 za kunasa mawimbi ya ubongo, na katika programu yake achague kichujio cha hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ili kuondoa mwingilio wa umeme wa nyumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo kasi ya umeme wa Tanzania, badala ya 60 ya Marekani.