Adapta ilininyima picha moja, na sijaisamehe

Naanza na picha ambayo sina. Bibi harusi anatokea mlangoni, mwanga wote uko nyuma yake, baba yake amesimama hatua chache mbele anamsubiri. Anamfikia, baba anafungua mikono, wanakumbatiana. Labda sekunde nane, basi. Mimi nimepiga goti palepale, lenzi ya milimita 85 mbele, hakuna mtu aliyekaa mahali pazuri kuliko mimi. Na ninachokiona kwenye kamera ni ukungu unaokuja na kuondoka. Lenzi inakwenda mbele, inaupita uso, inarudi, inaupita tena. Halafu namba ya tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, ikapotea. Palipokuwa na 2 pakabaki vistari viwili, maana yake kamera haijui tena kama ina lenzi.

Nikazima, nikawasha. Vistari. Nikaizungusha lenzi kidogo kwenye adapta, kile kipande kinachoifunga lenzi ya aina moja kwenye kamera ya aina nyingine, mpaka nikasikia ule mlio wa kunasa, nikawasha tena. Namba ikarudi. Baba alikuwa ameshageukia pembeni, anajifuta macho kwa leso.

Nina fremu 14 za tukio hilo. Kwenye nyingi, kilicho kali ni kitasa cha mlango nyuma yao. Ukikuza picha unahesabu skrubu za kitasa, lakini sura ya yule mzee huioni.

Wapo watakaosema hiyo ni bahati mbaya ya siku moja. Ningekubali, kama adapta ile isingekuwa imenifanyia hivyo mara mbili tatu kabla, kwenye kazi ndogo ambako unaweza kumwambia mtu samahani, rudia kidogo. Baba anayemkumbatia binti yake utamwambia arudie?

Nilikuwa na lenzi za Canon EF, za kamera zenye kioo ndani, nilizozinunua moja moja kwa miaka. Nilipohamia kamera isiyo na kioo hicho, ya Sony, nikapiga hesabu ile anayoipiga kila mtu: kwa nini ninunue upya kitu ninacho? Adapta yenye pini za umeme iliahidi yote. Fokasi ya kujiendesha, kubadilisha tundu kutoka kwenye kamera, hata fokasi kushika jicho la mtu. Nyumbani ilitimiza. Nilimkalisha mdogo wangu dirishani nikampiga picha kama mia, zilizokosa hazikuzidi mbili. Nikaamini. Sasa najua kwamba mtu aliyetulia kwenye mwanga laini si jaribio la kitu chochote.

Niseme na haki yake. Wanaodai kwamba kila adapta inapunguza ubora wa picha wanakosea. Lenzi ya EF inataka kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha. Kwenye Sony E, yaani kamera za aina ya hii yangu, umbali huo ni milimita 18 tu, kwa sababu kile kioo cha kupandapanda ndani hakipo. Tofauti ni milimita 26, na adapta ni bomba la urefu huo, ndani hamna lenzi nyingine, ni hewa tupu. Hewa haiharibu picha. Likichongwa vibaya ndipo utaona, hasa kwenye lenzi pana: vitu vya mbali havishiki fokasi, au alama za umbali kwenye lenzi zinakudanganya. Langu lilichongwa vizuri. Picha zilizopata fokasi ni kali mpaka kwenye kona.

Tatizo liko kwenye mazungumzo. EF ilitoka mwaka 1987, enzi za filamu. Kamera zile zilipima umbali kwa kifaa cha pembeni, halafu zikaiambia lenzi: ruka mpaka pale, simama. Mota za lenzi nyingi za wakati huo zilitengenezwa ziruke. Kamera isiyo na kioo inapimia juu ya sensa yenyewe, muda wote, na inataka lenzi inayonyata, hatua ndogo ndogo, mbele na nyuma, bila kusita. Katikati yao unaweka mkalimani ambaye hakufundishwa na upande wowote. Kampuni ya tatu imechunguza umeme unaopita kwenye zile pini na kujifunza maneno kwa kubahatisha. Mwanga ukiwa mzuri anatafsiri vizuri. Uso ukiwa gizani na mlango unawaka nyuma, anababaika, lenzi inasubiri amri, kamera inasubiri jibu, na wewe umepiga goti pale katikati ya watu.

Nikairudisha dukani. Sikwenda kudai pesa, nilitaka mtu anieleze. Kijana wa kaunta akaifunga kwenye kamera yake, akailenga rafu ya maboksi, ikalia pii. "Mbona inafanya kazi?" Nikamweleza habari za mlango, mwanga wa nyuma, mtu anayetembea. Akanikatiza, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri:

"Dada, lenzi yako imezeeka. Na hizi kazi zina wenyewe."

Imekuwa miezi sasa na bado nikikumbuka natetemeka. Kazi hizi zina wenyewe! Lenzi hiyo imekula harusi nyingi kwenye kamera yangu ya zamani ya kioo, tena kwenye kumbi zenye giza, bila kunikosesha kitu. Nilimuuliza kama kuna programu mpya ya adapta, kwa sababu ina tundu dogo la USB kwa kazi hiyohiyo. Akaigeuza mkononi, akaliangalia lile tundu kama analiona kwa mara ya kwanza. Nikaondoka. Programu mpya nikaitafuta mwenyewe na kuiweka mwenyewe, ikatulia kwa muda. Halafu nikasasisha programu ya kamera, kama mtu yeyote anavyosasisha, vistari vikarudi. Hapo ndipo nilipoelewa mkataba niliousaini bila kujua. Kila mtengenezaji wa kamera akibadilisha neno moja kwenye lugha yake, wewe unangoja mkalimani ajifunze upya, na hakuna anayewajibika kwako wakati unangoja.

Nikauza lenzi mbili za zamani, nikanunua 85 asili ya kamera hii. Kazi ya kwanza nayo ilikuwa mahafali, watoto wanatoka ukumbini kwenda kwenye jua. Mlango ule ule, naweza kusema. Kile kiboksi kidogo cha fokasi kwenye skrini kikakaa kwenye jicho la mtoto wa kwanza, kikamfuata mpaka akanipita, kikaruka kwa wa pili. Sikugusa kitu. Mkono ulikuwa unanitetemeka, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira kwa mwaka mzima nilioupoteza.

Kwa hiyo nilianza kuandika haya nikitaka kusema: usinunue adapta, basi. Lakini nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Rafiki yangu alihama kutoka EF kwenda RF, yaani kamera zisizo na kioo, ndani ya Canon kwenyewe, kwa adapta ya Canon, na lenzi zake za zamani zinafanya kazi kama zilizaliwa hapo. Mkalimani wake ametoka nyumba moja na wanaozungumza. Hilo ni jambo jingine kabisa na nisingependa mtu auze lenzi zake nzuri kwa sababu ya hasira zangu. Hata hivyo uliza kwanza. Adapta ya Nikon ya FTZ, ya kufunga lenzi zao za zamani kwenye kamera zao zisizo na kioo, inaendesha vizuri lenzi za AF-S, zenye mota yao ndani, ila zile za AF-D zilizokuwa zikizungushwa na mota ya kamera zinabaki za kufokasi kwa mkono, kwa sababu adapta haina mota hiyo. Kuna watu wamegundua hilo baada ya kulipa.

Na ninayo adapta nyingine ninayoipenda sana. Haina pini hata moja, ni chuma tu na uzi wa skrubu wa M42, ule wa lenzi za zamani za kuzungusha, kwa ajili ya lenzi ya milimita 50 iliyonizidi umri. Tundu nalizungusha kwa pete, fokasi kwa mkono, kamera inanipakia rangi kwenye kingo zilizo kali. Sharti uiambie kamera kwamba lenzi ni ya milimita 50, la sivyo ile mitambo ya kutuliza mtikisiko inatuliza kwa hesabu isiyo yake na picha zinachafuka. Lenzi ile haikuahidi chochote, kwa hiyo haijawahi kunidanganya. Picha za mama yangu ninazozipenda kuliko zote zimetoka humo.

Ile yenye pini bado iko kwenye droo. Juzi nilikuwa na kazi ya pete za ndoa na lenzi yangu ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, bado ni ya EF. Nikaifunga, kamera kwenye tripodi, pete kwenye kitambaa. Saa mbili nzima haikukosea hata mara moja. Fokasi palepale nilipotaka, vistari havikutokea. Badala ya kufurahi nikazidi kukasirika, maana inaweza, kumbe inaweza!

Yule bibi harusi aliniandikia wiki moja baada ya kupokea albamu. Alishukuru kwa kila kitu, halafu akauliza: "Ile ya mimi na baba pale mlangoni utanitumia baadaye?" Nilikaa na ule ujumbe siku mbili kabla ya kumjibu.