Hifadhi ya LISA kwa Anayefundisha Wasimamizi wa Mifumo: Tathmini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha wasimamizi wa mifumo ya kompyuta, aghalabu katika semina za siku mbili au tatu zinazotangulia mikutano yao, na kila ninapojiandaa hurejea chanzo kilekile: hifadhi ya makala na mihadhara ya LISA, uliokuwa mkutano wa wasimamizi hao, ambayo USENIX, shirika la wataalamu wa kompyuta la Marekani, limeiacha wazi kwenye tovuti yake. Hakuna malipo wala kujisajili. Wenzangu wanaoalikwa kwa mara ya kwanza kuzungumza mbele ya wataalamu wenzao huniuliza waanzie wapi, nami huwaelekeza huko, ingawa nina angalizo moja kubwa ambalo nitalieleza hapa chini.

LISA ilianza mwaka 1987 mjini Philadelphia kama warsha ya watu wanaosimamia vituo vikubwa vya kompyuta, na wakati huo kituo kikubwa kilikuwa kile chenye watumiaji zaidi ya 100 au diski ya zaidi ya gigabaiti moja. Leo simu ya mkononi inabeba zaidi ya hapo, lakini mambo waliyoyajadili, kama vile akaunti za watumiaji, nakala rudufu na seva zinazopaswa kufanana lakini hazifanani, ndiyo yanayotukesha hadi sasa. Tobias Oetiker aliwasilisha hapo MRTG, programu ya kupima msongamano wa laini za mtandao, mwaka 1998, na Martin Roesch akawasilisha Snort, programu ya kugundua uvamizi wa mtandao, mwaka uliofuata. Mwaka 2008 USENIX iliamua kwamba makala zote za mikutano yake zisomwe bure, na kwa mkufunzi wa huku kwetu uamuzi huo una thamani kuliko misaada mingi niliyoiona ikizinduliwa kwa hotuba ndefu.

Kinachonivutia zaidi katika makala bora za hifadhi hii ni namna zinavyoanzia kazini. MRTG, kwa mfano, ilizaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza ambako kompyuta zaidi ya 1,000 zilitegemea laini moja ya kilobiti 64, na kila mtu alitaka kujua kwa nini intaneti ni nzito. Mshiriki kutoka ofisi ya halmashauri akiusikia mwanzo huo hahitaji kubembelezwa ili asikilize, kwa sababu ameulizwa swali hilohilo asubuhi ya siku hiyo. Tangu nilipoligundua hili, sianzi tena somo kwa fasili. Naanza na lalamiko la mtumiaji.

Kwa upande wa video, ningependekeza mhadhara wa Brendan Gregg wa mwaka 2013 kuhusu michoro ya miali, yaani michoro inayoonyesha ni sehemu gani ya programu inayokula prosesa. Mchoro wenyewe una mtego: jicho letu limezoea kuusoma kutoka kushoto kwenda kulia kama saa inavyosonga, kumbe visanduku vimepangwa kialfabeti, na upana wa kisanduku unaonyesha tu ni mara ngapi sehemu hiyo ilikutwa kwenye sampuli zilizochukuliwa programu ikiwa inafanya kazi. Nimeona wahandisi wenye uzoefu wakijikwaa hapo. Anayejiandaa kuzungumza na atazame jinsi mzungumzaji anavyomfundisha msikilizaji kuusoma mchoro kwanza, kisha ndipo anapodai chochote juu yake.

Sasa angalizo. Hifadhi hii ina makala na mihadhara, lakini kozi za nusu siku na za siku nzima, zilizokuwa zikilipiwa kando na ambazo kwa wengi ndizo zilizokuwa kiini cha LISA, hazimo. Kwa hiyo itakufundisha kuzungumza vizuri kwa dakika arobaini na tano. Haitakufundisha kukaa na watu ishirini kuanzia asubuhi hadi jioni, kila mmoja akiwa amekwama mahali pake.

Kwa kazi hiyo nimefaidika zaidi na vifaa vya warsha za AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 chini ya uongozi wa Nii Quaynor wa Ghana, na ambazo mwaka 2011 zilifanyika Dar es Salaam. Mtindo wake ni wa mikono: kila mshiriki ana seva yake ya kuharibu na kuitengeneza, na wakufunzi, ambao hujitolea, huzunguka kati ya meza. Niliuiga mtindo huo katika somo la majina ya vikoa, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Mshiriki mmoja alibadilisha anwani kwenye seva kuu, seva ya pili ikaendelea kujibu anwani ya zamani, naye akaiwasha upya mara tatu. Nilijizuia kumwambia. Baada ya dakika kama tano jirani yake alinyoosha kidole kwenye kioo na kuuliza, "Kaka, namba ya toleo umeipandisha?" Hakuwa ameipandisha, na seva ya pili, ambayo huitazama namba hiyo kwanza, haikuwa na sababu ya kujua kwamba faili limebadilika. Hakuna slaidi yangu iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Nilijifunza pia, kwa kuumia, kutotegemea intaneti ya ukumbi. Katika hoteli moja watu wote walianza kupakua vifurushi vilevile vya programu kwa wakati mmoja, na saa nzima ya asubuhi ikapotea. Siku hizi nabeba seva ndogo yenye nakala ya kila kitu kitakachohitajika, pamoja na swichi na kebo zangu.

LISA ya mwisho ilifanyika mwaka 2021, kwa hiyo asiyetaka chochote ila yaliyozuka baada ya hapo atafute kwingine. Mkutano wa SREcon wa shirika hilohilo, unaohusu uendeshaji wa huduma kubwa za kompyuta, una mengi. Kwa mkufunzi anayeanza, ushauri wangu ni kusoma makala mbili tatu za miaka ya 1990 kabla ya kufungua video yoyote. Makala hazili bando, na tatizo linaelezwa kwenye ukurasa wa kwanza.