Safari kwa Reli ya Romney, Hythe na Dymchurch: Tathmini ya Mtunza Reli ya Bustani

Mwanachama wa klabu ya reli ya bustani, yaani njia ndogo ya treni za mfano inayotandikwa nje bustanini, huvutwa huku na huku kila kiangazi kinapoingia, kwa kuwa majira yaleyale yanayofaa kusafiri na kutazama reli za wengine ndiyo majira ambayo magugu hupenya kwenye kokoto za njia yake mwenyewe na jua kuzipinda reli alizozinyoosha kwa taabu. Reli ya Romney, Hythe na Dymchurch, iliyoko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ni miongoni mwa sehemu chache ambazo mtu wa aina hiyo anaweza kutembelea bila kujiona ametoroka kazi. Tathmini hii inamlenga msafiri anayeinama kukagua mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia, kabla ya kuinua macho kukitazama kichwa cha treni. Familia zenye watoto zitafurahi pia, lakini hizo hazihitaji ushauri wangu.

Njia hii ina geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya inchi 15 (milimita 381), na inapita kando ya pwani kwa takribani kilomita 22 kutoka Hythe hadi Dungeness. Waliobuni wazo lake ni Kapteni J. E. P. Howey na Count Louis Zborowski, wote wawili wapenzi wa mashindano ya magari, na Zborowski alifariki mwaka 1924 katika mashindano ya Monza kabla ya kuiona reli yenyewe. Howey aliendelea pamoja na mhandisi Henry Greenly, sehemu ya kutoka Hythe hadi New Romney ikafunguliwa Julai 1927, na mwaka uliofuata njia ikafika Dungeness. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi liliichukua na hata kuendesha treni ndogo ya kivita juu yake, jambo ambalo mtu aliyeyaona mabehewa yake ya sasa hulisadiki kwa shida.

Kinachomfaa zaidi mtunza reli ya bustani ni uamuzi wa Greenly kuhusu vipimo. Vichwa vyake vikuu vya mvuke vimejengwa kwa theluthi moja ya ukubwa wa vichwa halisi, ilhali geji ni zaidi kidogo tu ya robo ya ile ya kawaida ya milimita 1,435. Kwa hiyo kichwa kama Green Goddess ni kikubwa kuliko reli inayokibeba kwa hesabu za kimfano, na ukikitazama kutoka mbele utaona jinsi mwili wake unavyotanuka nje ya magurudumu. Mwenye kushikilia vipimo kwa ukali atakunja uso. Mimi naona Greenly alikuwa sahihi, kwa sababu alipata tanuri na chungu cha mvuke kikubwa cha kutosha kuvuta mabehewa yaliyojaa watu, na reli ikapata riziki. Sisi wa bustani hatuna haki ya kumlaumu, maana tunatumia reli zilezile za milimita 45 kwa mifano ya uwiano wa 1:22.5 (mara 22.5 ndogo kuliko treni halisi), inayowakilisha geji ya mita moja, na pia kwa mifano ya 1:32, inayowakilisha geji ya kawaida, na mara nyingine treni za aina zote mbili hupishana katika bustani moja bila mtu kulalamika.

Safari yenyewe inaanza vizuri ukipandia Hythe, kwa sababu hapo utakiona kichwa kikigeuzwa kwenye meza ya kugeuzia kabla ya kuunganishwa na mabehewa. Ndani ya behewa unakaa chini sana, karibu na ardhi, na mwendo ambao kikomo chake ni kama kilomita 40 kwa saa unahisi ni wa kasi mno. Mtu mrefu atakunja magoti, na ni vyema alijue hilo mapema. Hadi New Romney njia ni mbili sambamba, na treni inayotoka upande wa pili hupita dirishani kwa kishindo ambacho hakuna picha inayoweza kukieleza. Kuanzia hapo njia inabaki moja, na sehemu kubwa inapita nyuma ya nyumba, ambapo abiria huona vibanda, kamba za nguo na bustani za watu. Wengine huiona sehemu hii kuwa inachosha. Kwangu ndiyo bora, kwa kuwa inaonyesha tatizo ambalo kila klabu inalijua: reli inayopakana na mimea hai haina likizo, na tawi lililokatwa mwezi wa tano limekwisha kurudi mwezi wa saba.

Dungeness hakuna meza ya kugeuzia. Njia inazunguka na kujirudia yenyewe kwa kitanzi kikubwa, na treni inarudi ilikotoka bila kichwa kufunguliwa. Wanachama wengi wa klabu hurudi nyumbani wakitamani kitanzi kama hicho, kwa hiyo ni haki waambiwe gharama yake. Kwa treni ya mvuke au ya betri hakuna tatizo lolote. Kwa treni inayopokea umeme kutoka kwenye reli zenyewe, kitanzi hufanya reli ya kulia ikutane na ya kushoto, na umeme hukatika papo hapo kwa shoti, isipokuwa sehemu ya kitanzi itengwe pande zote mbili na kupewa swichi au kifaa cha kugeuza mkondo. Tena sehemu iliyotengwa lazima iwe ndefu kuliko treni yenye magurudumu ya chuma yanayopitisha umeme, la sivyo behewa la mwisho litaleta hitilafu ileile.

Ukiwa New Romney, simama penye usalama mwisho wa jukwaa wakati treni inaingia, na badala ya kutazama magurudumu tazama kiungo cha reli, yaani mahali vipande viwili vya reli vinapokutana. Katika njia yoyote yenye viungo, mataruma yaliyo karibu na kiungo ndiyo yanayochoka kwanza, na uzito ukipita utaona kama reli inashuka na kupanda kidogo. Pengo dogo lililoachwa hapo halikuachwa kwa uzembe, maana chuma hutanuka kwa joto, na brasi tunayotumia bustanini hutanuka zaidi ya chuma cha kawaida cha reli kubwa: mita 10 za brasi zikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka karibu milimita 6. Klabu inayobana viungo vyote kwa skrubu asubuhi yenye baridi itakuta njia imejikunja mchana. Jambo la pili la kutazama ni mawe. Ufuo wa Dungeness umejaa mawe laini ya mviringo yanayoteleza chini ya kiatu kila hatua, na baada ya kuyakanyaga huhitaji mtu akueleze kwa nini taruma hulala vizuri juu ya kokoto zilizopondwa zenye pembe, ambazo hung'ang'aniana.

Ghorofani katika stesheni hiyo ya New Romney pana maonyesho ya reli za mfano, na yanastahili muda wako. Mgahawa ni wa kawaida. Mnara wa zamani wa taa wa Dungeness, uliofunguliwa mwaka 1904, unafaa kupandwa siku zinapokuwa wazi.

Anayetafuta kichwa cha mvuke kinachohangaika mlimani aende Wales, kwenye reli ya Ffestiniog iliyofunguliwa mwaka 1836 kwa ajili ya kubeba mawe ya kuezekea, kwa sababu ardhi ya Romney ni tambarare na mvuke hapo hauna jasho la kupanda. Udhaifu mwingine ni kwamba si kila treni huvutwa na mvuke, kwani reli hii ina vichwa vya dizeli pia, kwa hiyo soma ratiba ya siku husika kabla ya kukata tiketi. Nenda siku ya kazi na upande treni ya mapema. Chagua behewa lililo nyuma kabisa, ambapo unaweza kuitazama njia ikijifunua kwenye kona, na ubebe daftari pamoja na tepu ya kupimia.