Fumbo la maneno la Jumamosi: juu utamu, chini dhuluma

Chemsha bongo ya wikendi hii, viraba 15 kwa 15, imenila asubuhi nzima. Nusu ya juu ni kazi safi kuliko zote nilizokutana nazo gazetini mwaka huu. Nusu ya chini imenikera kweli.

Tuanze na utamu. Namba 3 ya mlalo: "Mnyama anayetukinga na mvua", herufi tatu. Nikajaribu kaa, nikajaribu nge, wapi! Nilipoachana na mnyama nikaanza kutafuta kinachozuia mvua, jibu likaja lenyewe: PAA. Tazama kidokezo kilivyobana. Mnyama ni njia ya kwanza, kukinga mvua ni njia ya pili, zote zinafika mlango mmoja, na hakuna neno la kujazia.

Namba 9 ya wima nayo ilinipa raha: "Hubadili mavazi bila kuvua", herufi nane. A ya mwisho nilikuwa nayo, lakini haikunisaidia, kwani maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Y ilipotua kiraba cha nne ndipo mambo yakafunguka. KINYONGA! Niliweka kalamu chini nikamsifu mtunzi kwa sauti.

Sasa shuka kona ya chini kushoto. "Mto wa Urusi", herufi nne, na kiraba kinachokatwa na neno jingine ni kimoja tu, cha mwisho, chenye A. Lena inaingia. Neva inaingia. Mto Kama nao unaingia. Hata uwe na ramani mezani, utabaki kubahatisha.

Huu sio ugumu. Mafumbo ya New York Times hukata kila kiraba mara mbili, mlalo na wima, kwa hiyo jina usilolijua utalipata kupitia majirani zake. Ya Uingereza yale ya mchezo wa maneno (cryptic) huacha viraba vingi bila kukatwa, lakini kidokezo chenyewe hukupa njia mbili za kufikia jibu. Ximenes, mtunzi wa siku nyingi wa mafumbo ya gazeti la Uingereza The Observer, alilishikilia hilo kama sheria: maana sahihi, mchezo wa maneno ulio wa haki, basi. Mtunzi wetu huku chini amechukua mianya ya Waingereza akaitia vidokezo vitupu vya kamusi. Na anajua kufanya vizuri, PAA ni ushahidi. Angeongeza tu "unaopita Saint Petersburg" tungeandika Neva bila ubishi.

Namba ndogo za kwenye viraba pia zimechapwa hafifu mno.

Hata hivyo, nawashauri mlifanye, hasa mnaopenda vidokezo vyenye ladha ya vitendawili. Anzeni juu kulia, msiharakie namba 9, na ule mto uacheni wazi mpaka majibu yatoke.