Miwaridi yangu minne inayonukia na kurudia kuchanua: uzoefu wa miaka sita

Ukitaka mwaridi wa kichaka unaonukia na unaochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, usiende kuuchagua mwezi wa Juni. Nenda Septemba. Hili nimelijua baada ya kutoa pesa zangu na kungoja mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Mji wa Kale, na sasa ni mwaka wa tisa naishi Wolverhampton, Uingereza. Kwetu waridi halikuwa ua la kutazamwa tu. Bibi alikuwa akiyachuma alfajiri kabla jua halijayachoma, anayachambua, anachanganya na asumini na mrehani, anafunga vikuba. Siku ya harusi mrashi ulizungushwa na kila mgeni akakinga viganja. Kwangu mimi, waridi lisilonukia ni pilau isiyo na bizari. Basi tulipopata nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma, mita 5 kwa 8, sikuwa na la kufikiri.

Juni ya mwaka ule nilikwenda Mottisfont, Hampshire, kwenye ile bustani ya mawaridi ya zamani iliyozungushiwa ukuta. Harufu inakupokea hata hujaingia ndani. Nikarudi moyo umejaa, nikaenda kwenye kitalu kimoja huku kwetu, nikanunua 'Constance Spry' baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba utachanua kiangazi chote. Maua yake, mashallah, makubwa kama bakuli la uji, ya pinki, yananukia manemane. Yalikaa kama wiki tatu. Kuanzia Julai mpaka baridi ikaingia nilikuwa natazama majani matupu. Huo ndio umbile lake: ulitolewa 1961, nao huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena hutambaa ukawa mkubwa. Mti hauna kosa. Aliyeniuzia ndiye aliyeniambia jambo lisilokuwa. Nimempa jirani yangu mwenye ukuta mrefu, na kila Juni ananiita nikanuse.

Mamangu mdogo anayekaa Maskati ndiye aliyenifungua akili. Nilipomlalamikia kwenye simu akaniambia, "Mwanangu, mbona na ya Jabal Akhdar ni hivyo hivyo?" Kweli. Kule milimani Oman mawaridi huchanua kwa wiki chache tu, Aprili ndiyo kileleni, na ndani ya wiki hizo watu huchuma na kutengeneza marashi ya kuwatosha mwaka. Mawaridi mengi ya zamani yenye harufu nzito ndivyo yalivyo. Tabia ya kurudia kuchanua Wazungu waliipata hasa kwa mawaridi ya Kichina yaliyoanza kufika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na tangu hapo wazalishaji wamekuwa wakihangaika kuvitia viwili hivyo kwenye mti mmoja. Kwa hiyo unapouliza, uliza mara mbili: unanukia? Na unarudia? Jibu la swali moja halikupi jibu la lile jingine.

Septemba iliyofuata nikaenda Albrighton, kwenye bustani ya David Austin, mzalishaji mashuhuri wa mawaridi wa Uingereza, si mbali na kwangu. Wakati huo miti ya msimu mmoja imekwisha nyamaza, na yenye maua inajitokeza yenyewe. Nilizunguka na daftari saa nne asubuhi, nikazunguka tena saa tisa, maana harufu ya waridi hubadilika na saa. Asubuhi yenye ujoto na isiyo na upepo ndiyo bora. Kuna maua niliyoyaandikia "vizuri sana" asubuhi, na alasiri nikayanusa nikapata harufu hafifu tu.

Hatimaye nilipanda minne.

'Gertrude Jekyll', wa 1986, ndio ninaoupenda kuliko yote. Pinki iliyokoza, na harufu yake ni ile ya mrashi hasa, waridi la waridi. Mzazi wake mmoja ni 'Comte de Chambord', mwaridi wa zamani, na naamini harufu imetoka huko. Ua likifunguka petali zinajipanga duara juu ya duara, zimebanana, katikati zinajikunja kama kilemba. Ukitia pua humo asubuhi kukiwa na umande, unatoka na unyevu puani na harufu inakufuata mpaka jikoni. Haufululizi: huchanua kwa nguvu mwanzoni mwa Juni, ukapumzika kama wiki tano, ukaja tena, na mara nyingi nikapata duru ya tatu. Miiba yake ni mingi na mikali, usiupande kando ya njia wanakopita watoto. Na kwangu hupata madoa meusi kwenye majani mvua ikizidi Agosti. Nayaokota majani yaliyoanguka na kuyatupa, siyaachi chini.

'Rose de Rescht' ni wa aina ya zamani, na husemwa kwamba Nancy Lindsay, mkusanyaji wa mimea, ndiye aliyeuleta Uingereza kutoka Uajemi. Kwa mwenye nafasi ndogo, huu ndio wa kwanza kununua. Haupiti mita moja. Maua ni madogo, yamejaa, rangi kati ya wekundu na zambarau, na harufu yake haiendani kabisa na udogo wake. Majani yamekaribiana sana na ua hata kikonyo hakionekani, kwa hiyo kwenye chombo cha maua unasumbua. Lakini kwa kikuba ndio wenyewe: petali ni fupi, hazikunjiki, na zikikauka bado zinanukia. Nina chupa nzima kabatini pamoja na nguo.

'Roseraie de l'Haÿ' wa 1901 una harufu yenye ukarafuu kwa mbali, na miaka yote sita sijawahi kuupulizia dawa. Majani yake yana mikunjo, magonjwa hayauwezi. Lakini ni mkubwa, mita 2 kwenda juu na karibu hivyo kwa upana. Kwa uwanja kama wangu nilikosea kipimo.

'Lady of Shalott', wa 2009, ndio unaochanua bila kuchoka. Petali upande wa ndani ni rangi ya embe lililoiva, nyuma ni dhahabu. Harufu ni ya chai, nyepesi. Mimi nataka nzito zaidi, lakini mume wangu hataki kusikia habari ya kuung'oa.

Yote niliinunua ikiwa mizizi mitupu, yaani bila udongo wala chungu, kati ya Novemba na Machi, mti umelala. Ni nafuu kuliko wa kwenye chungu na unashika ardhi vizuri. Loweka mizizi kwa muda wa saa mbili, chimba shimo la sentimita 40, changanya samadi iliyooza, na sehemu ulipoungwa mti iingie kidogo chini ya udongo. Usipande mahali palipong'olewa mwaridi mwingine, utadumaa. Na kubwa kuliko yote: kata maua yaliyonyauka. Mti ukiachiwa uzae mbegu unaona kazi yake imekwisha. Mwaka niliosafiri Julai nzima sikupata duru ya pili ya maana.

Ndugu zangu mlio Arusha, Limuru au Lushoto, msiagize mwaridi wa msimu mmoja kwa kuona picha. Ile inangoja baridi ya kweli ili ichanue, na huko mtavuna majani. Na kwa joto la pwani, tafuteni mawaridi ya jamii ya Kichina, kama 'Old Blush', au ya jamii iitwayo ya Chai. Inavumilia jua kuliko hii yangu.

Novemba hii nauhamishia 'Roseraie de l'Haÿ' kwa yule jirani, ukae karibu na ukuta wake. Pale patakapobaki, chini ya dirisha la jikoni, baada ya kuutoa udongo wa zamani na kutia mpya, nitapanda 'Rose de Rescht' wa pili. Chupa moja ya petali hainitoshi mwaka.