Ziara ya viungo Kizimbani na Kidichi: chagua muongozaji kabla ya shamba

Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka Mji Mkongwe, Zanzibar, yanafanana sana. Miti ni ileile: mkarafuu, mdalasini, mkungumanga, mlangilangi, vanila. Kwa hiyo ukilinganisha bei, ulizia kwanza nani atawatembeza, kwa lugha gani, na kundi lina watu wangapi. Wakizidi wanane, walio nyuma hawasikii, na jani la kunusa likiwafikia limeshakwisha harufu.

Muongozaji anayeijua kazi hatangulizi jina. Anachuma jani, analifikicha, anakupa unuse, kisha ananyamaza. Wengi wetu viungo hivi tunavijua vikiwa vikavu ndani ya kopo, kwa hiyo kubahatisha kunanoga. Atakwangua gome la mdalasini, kisha afukue kidogo mzizi wa mti huohuo, unaonuka kafuri. Atapasua tunda la kungumanga uione basibasi nyekundu iliyolizunguka kokwa. Karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua. Makonyo yake, yaani vijiti vinavyoshika matumba, hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono, hakuna tunda. Muongozaji mbovu hutaja miti kumi kwa dakika tano, hurudia mizaha aliyoikariri, na kukukimbizia dukani.

Panapoharibika zaidi ni kwenye makuti. Vijana husuka kofia, tai na pete, wakakuvalisha bila kutaja bei. Mgeni anadhani ni zawadi, kijana anahesabu malipo, na mwisho wananuniana. Muulize muongozaji mwanzoni kabisa, vijana wakisikia, nani analipwa kutoka kwenye ada na nani anategemea bakshishi. Beba noti ndogondogo. Mkwezi wa mnazi mpe bila kubishana. Kazi yake ni ya hatari.

Chakula, mara nyingi pilau au wali na mchuzi wa nazi, agiza kabla ya kuondoka mjini, la sivyo utasubiri sana. Wenyeji wakikaa nanyi mkekani, hapo ndipo pa kuuliza kiungo gani kinatangulia sufuriani. Jikoni wanajibu vizuri kuliko shambani.

Hamamu ya Kidichi, bafu la kale ambalo Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi karibu mwaka 1850, ni jengo dogo. Asipokuwepo wa kukuonyesha nakshi za ndege na maua kwenye plasta, utaona kuta chakavu tu. Masika njia ni tope; vaa viatu vya kufunga.

Dukani, bei mara nyingi ni juu kuliko soko la Darajani mjini. Acha unga, nunua vipande vizima. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: isipotoa mafuta, imekaa sana. Muuzaji akikuachia uijaribu bila kununa, nunua kwake hata kama amezidisha kidogo.